Toti moja ya wiski kuukuu: tia maji bila aibu

Jamaa wanaonitembelea huku Edinburgh hawakosi ombi la kuonja wiski ya Scotland iliyozeeka, ile ya bei ya kutisha. Nawapeleka, ila tunanunua toti, si chupa. Kisheria toti ya baa huku ni mililita 25 au 35, na kwa wiski ya pipa moja iliyolala piponi miaka 30, yenye nguvu ya asilimia 58 ya kilevi, hiyo ni kazi ya jioni nzima.

Kabla ya kulipa, omba uoneshwe chupa usome lebo. Wiski ya pipa moja haikuchanganywa na ya pipa jingine, kwa hiyo lebo kwa kawaida hutaja namba ya pipa, mwaka wa kukenekwa, mwaka wa kutiwa chupani na idadi ya chupa zilizopatikana. Zikiisha zimeisha. Hata pipa la jirani yake, lililojazwa siku ileile kwa kimea kilekile, litakuwa na ladha nyingine.

Mimi hutazama asilimia kuliko umri. Mapipa mengi hujazwa wiski ya asilimia 63.5, kisha kila mwaka kiasi cha asilimia 2 ya kilichomo hupotea kwa mvuke. Kwa baridi na unyevu wa maghala ya Scotland, kilevi hutoroka haraka kuliko maji, hivyo nguvu hushuka taratibu. Ikishuka chini ya 40, haiwezi tena kuuzwa kwa jina la Scotch. Ndiyo maana 58 baada ya miaka 30 ni nadra. Nadra, lakini si lazima iwe tamu: nimeshaonja wiski za kizee zilizokuwa ubao mtupu, zikikausha ulimi kama ndizi mbichi. Na rangi isikudanganye. Pipa lililokuwa na mvinyo wa sheri hutoa wiski nyekundu ya kuvutia, lakini mimi nachagua ile ya rangi ya majani makavu, iliyotoka kwenye pipa lililokuwa na bourbon, wiski ya Marekani.

Sasa kunywa. Omba glasi iliyotanuka chini na kubana mdomoni, pamoja na maji ya kawaida na kijiko cha chai. Usizamishe pua ndani ya glasi, kwani kwa nguvu hiyo utanusa moto tu na pua itakufa ganzi. Ishike chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, harufu ije yenyewe. Onja tone moja bila maji, lizungushe na mate, umeze.

Halafu tia maji. Wapo wanaume wanaoona haya hapa, wakadhani ni unyonge. Wataalamu wa viwandani, ambao kunusa ndiyo kazi yao, huishusha wiski hadi karibu asilimia 20 ili waione vizuri! Hesabu yenyewe ni nyepesi: mililita 25 za asilimia 60 ukiziongezea kama 8 za maji, unafika 45. Tia nusu kijiko, nusa, subiri, ongeza. Mahali fulani katikati matunda yataanza kujitokeza, na hapo ndipo pa kusimama. Ikifanya ukungu usiilalamikie; ni mafuta ya asili ambayo hayakuchujwa. Barafu iache, inaua harufu.

Kula kwanza, lakini si pilipili. Manukato yabaki nyumbani.

Ukienda kuonjea viwandani Speyside, eneo la Scotland lenye viwanda vingi vya wiski, usiendeshe gari. Tangu Desemba 2014 kiwango cha kilevi kwa dereva Scotland ni miligramu 50 katika mililita 100 za damu, chini ya kile cha England, na toti hizi hazichezi. Treni inafika Elgin, mji wa eneo hilo. Kutoka hapo kuna mabasi na teksi. Kama dereva ni wewe, sema mapema: viwanda vingi vitakufungia sehemu yako katika vichupa vidogo ukanywee ulikofikia.