Barua Zenu: Eti Kuna Mtu Ana Patenti ya Protini Iliyo Mwilini Mwangu?

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu, mitatu jamani, kuhusu Gregg Semenza, yule daktari Mmarekani aliyegundua protini inayoziamsha jeni zetu pale oksijeni inapopungua mwilini, nikamalizia kwamba ugunduzi wake ulikatiwa patenti, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiutengeneze wala kuuuza bila ruhusa. Basi simu haijapoa tangu siku hiyo. Barua ni nyingi kuliko ukurasa, nimechagua chache. Na kabla sijaanza, naomba tusiitane daktari, mimi ni mtu wa maabara tu, napima damu zenu.

Habari za kazi dada. Nimesoma nikakasirika. Huyo mzungu anawezaje kuwa na patenti ya kitu ambacho ninacho mimi, marehemu bibi alikuwa nacho na bila shaka hata mbuzi wangu anacho? Kesho si watatutoza kodi ya kupumua? — Mwenye hasira, Temeke

Nzuri kaka, na mbuzi wako anacho kweli, hujakosea. Ila kaa chini kwanza maana hii ni ndefu.

Figo zako zinatengeneza homoni inaitwa erithropoietini, watu wote wanaita EPO, na kazi yake ni kuuambia uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Ukipungukiwa oksijeni EPO inapanda. Hilo lilijulikana zamani. Swali lilikuwa figo inajuaje? Nani anaiambia jeni ya EPO kwamba sasa amka, hewa imepungua? Semenza alisomea udaktari na utafiti kwa pamoja pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akafanya kazi ya udaktari wa watoto, akaingia Johns Hopkins mjini Baltimore akakomaa na hiyo jeni moja. Mwaka 1991 akaonyesha kipande kidogo cha DNA jirani na jeni ya EPO kinachofanya kazi kama swichi, 1992 yeye na mwenzake Guang Wang wakaipa jina protini inayokuja kushika ile swichi, HIF-1, na 1995 wakaisafisha na kusoma jeni zake.

Sasa utamu uko hapa. HIF-1 ina vipande viwili, na kile kinachoitwa alfa mwili unakitengeneza muda wote na kukiharibu muda wote, hakimalizi hata dakika kumi. Ni kama ofisi inayoandika barua ya dharura kila dakika halafu inaichana. Kwa nini? Kwa sababu kuna vimeng'enya vinaigonga muhuri, na barua yenye muhuri inachukuliwa na protini nyingine, VHL, inapelekwa kuchanwa. Na wino wa huo muhuri ni oksijeni yenyewe! Oksijeni ikiisha muhuri haugongi, barua haichanwi, HIF-1 inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni ya EPO, na nyingine nyingi tu, zikiwemo za kuotesha mishipa mipya ya damu. Mambo ya VHL na muhuri yalifanyiwa kazi zaidi na madaktari wengine wawili, William Kaelin wa Boston ambaye ni mtu wa saratani na Peter Ratcliffe wa Oxford ambaye ni mtu wa figo, ndiyo maana Nobel ya 2019 walipewa wote watatu.

Tuje kwenye hasira yako. Patenti ya Marekani ilitoka 1999, mmiliki ni Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Semenza ni mvumbuzi anayetajwa, na ilihusu DNA ya hiyo protini ikiwa imetolewa mwilini na kuwekwa kwenye tyubu. Zikafuata nyingine, mojawapo ya HIF-1 alfa iliyobadilishwa ili isichanwe hata oksijeni ikiwepo. Zamani zile ofisi ya patenti ya Marekani ilikuwa inasema kitu kikishatengwa na mwili si kile cha asili tena. Kwa hiyo wewe kupumua hudaiwi, mbuzi hadaiwi, aliyedaiwa ni kampuni iliyotaka kukitengeneza na kukiuza. Halafu tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya kampuni ya Myriad na zile jeni za saratani ya matiti BRCA1 na BRCA2, ikasema kipande cha DNA ulichokikata tu kutoka mwilini si uvumbuzi. Ile iliyoundwa maabara kwa kunakili ikaruhusiwa. Yaani mahakama ilikubaliana na wewe, ila nusu.

Kuna kesi nyingine naipenda zaidi. Protini nyingine inayoongoza jeni inaitwa NF-kB, hii inahusika na uvimbe na kinga. Vyuo vya Harvard na MIT pamoja na taasisi ya Whitehead walikuwa na patenti yake, wakaikodisha kwa kampuni ya Ariad, nayo Ariad ikaishtaki kampuni ya dawa ya Eli Lilly kwamba dawa zake mbili zinaituliza hiyo protini kwa hiyo lipeni. Wazee wa baraza 2006 wakasema Lilly ilipe dola milioni 65. 2010 mahakama ya rufaa ikafuta: mlisema mnataka kuituliza NF-kB, hamkuonyesha kitu cha kuitulizia. Ni kama mtu akate patenti ya "kufika Mwanza haraka" bila kuonyesha gari.

Ila kama unatafuta la kukasirikia, kasirikia hili. Ile HIF-1 ya 1995 ilisafishwa kutoka seli zinaitwa HeLa, zilizooteshwa kwa malita. HeLa ni Henrietta Lacks, mama mweusi wa Baltimore aliyeugua saratani ya shingo ya kizazi, seli zake zilichukuliwa 1951 hospitali ya Johns Hopkins bila yeye kuombwa, akafariki mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Seli zipo mpaka leo, mimi mwenyewe niliziona chuoni kwa darubini, zimejipanga kama punje za mtama uliomwagwa. Hopkins wenyewe wanasema hawakuziuza wala hawana patenti ya seli za HeLa, na ni kweli, lakini protini iliyotolewa ndani yake ikapata patenti. Ukoo wake walifikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher, waliyoishtaki kwa kujinufaisha na seli hizo, Agosti 2023, miaka zaidi ya 70 baadaye. Hapo hata mimi hasira ninazo.

Assalam aleikum dada. Mamangu yuko kwa dayalisisi, ile mashine ya kusafisha damu figo zikishindwa, mara mbili kwa wiki hapa Mombasa, adungwa sindano ya EPO na yamchosha, na kila mara tuibebe na barafu. Naskia kuna vidonge vilivyotoka kwa huo ugunduzi. Ni kweli? Na mbona sindano zamani zilikuwa ghali hivyo? — Binti wa mgonjwa

Waaleikum salaam mpenzi, mpe pole mama. Hiyo barafu naijua. Kuna mzee alikuwa anakuja kwetu na sindano yake kwenye chupa ya chai, ile ya kutunza joto, ndani kaweka vipande vya barafu na sindano kaifunga kwenye mfuko wa plastiki ili isigande, maana ikiganda imeharibika sawa na ikipata joto, na asiitikise. Siku ya kwanza nilipopima himoglobini yake, yaani wingi wa damu, ilisoma 6.8, damu kwenye tyubu ilikuwa nyepesi kama juisi ya ukwaju iliyozidishwa maji. Miezi kadhaa baadaye ikasoma 10 na kitu, akaniambia sasa ngazi anapanda bila kusimama katikati.

Vidonge ni kweli. Ukumbuke ule muhuri. Vidonge vinaenda kuukwamisha, barua haichanwi, mwili unadhani hewa ni chache na kuanza kutengeneza EPO yake mwenyewe. China iliruhusu roksadustati Desemba 2018, Marekani ikaruhusu daprodustati Februari 2023 na vadadustati Machi 2024, hizo mbili za Marekani ziliruhusiwa kwa watu wazima walio kwenye dayalisisi. Tahadhari zake si ndogo, kuganda kwa damu, kiharusi, moyo, na sindano nazo zina onyo kama hilo. Kwa hiyo usimwagizie mama mtandaoni tafadhali, na usishangae daktari akisema abaki na sindano. Muulize pia kiwango cha madini ya chuma, maana EPO bila chuma ni fundi bila saruji.

Bei sasa. Kuna mtu wa Chicago anaitwa Eugene Goldwasser, aliitafuta EPO tangu 1955. 1977 yeye na Mjapani Takaji Miyake wakaipata safi kutoka kwenye mkojo wa wagonjwa wa Japani ambao uboho wao ulishindwa kutengeneza damu, mkojo huo ulikuwa lita 2,550, ukakaushwa ukasafirishwa Chicago, na mwisho wa yote wakapata miligramu 8 hivi. Nane! Goldwasser hakuwa na patenti. Kampuni ya Amgen ikatumia kazi yake kuipata jeni, ikakata patenti, dawa ikaruhusiwa Marekani 1989 na ikawa moja ya dawa zilizoingiza hela nyingi sana. Sindano zilianza kushuka bei patenti zilipoisha na watengenezaji wengine kuingia, Ulaya iliwaruhusu kuanzia 2007. Mimi siamini kila patenti ni wizi, maabara zinalipiwa na nani? Ila ukitaka kujua inavyofanya kazi usisome sheria, angalia bei ya dawa mwaka kabla patenti haijaisha na mwaka baada.

Kwa vidonge vipya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa wamo kwenye kundi la nchi maskini zaidi ambazo kwa mkataba wa Shirika la Biashara Duniani hazilazimiki kulinda patenti za dawa mpaka 1 Januari 2033. Kenya haimo. Hapo nyinyi na sisi tunatofautiana, ingawa haki ya kutolinda na kiwanda cha kutengeneza ni vitu viwili.

Niaje mwandishi. Nakimbia, nakaa Iten. Kama mwili wangu unatengeneza EPO juu ya mlima bure, kwa nini kujidunga ni makosa? Na hivyo vidonge? — Mkimbiaji

Poa. Iten iko kama mita 2,400 juu, kwa hiyo barua zako hazichanwi zote, mwili unaongeza EPO kidogo na ukishatosheka unapunguza wenyewe. Sindano haijui kutosheka. Damu inakuwa nzito kama uji na moyo unausukuma huo uji ukiwa umelala usiku. Vidonge navyo vimepigwa marufuku kwenye michezo na vinaonekana kwenye mkojo, kwa hiyo anayekwambia hivi vipya havipimwi anataka hela yako.

Jambo mama. Niko naandika toka Kolwezi, Kongo, huku madini ya kobalti iko kila fasi. Banasema kobalti inaongeza damu, ni kweli ao ni bongo? — Mwalimu wa shule

Jambo mwalimu. Si bongo, yaani si uongo, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Kwenye miaka ya 1950 madaktari walikuwa wanawapa wagonjwa wa upungufu wa damu chumvi ya kobalti na damu ilipanda kweli, hawakujua kwa nini. Ile mashine ya muhuri ina chuma katikati yake, kobalti inaivuruga na muhuri unakwama, mwili unadhani hewa hakuna wakati hewa ipo tele. Wang na Semenza wenyewe waliziwekea zile seli za HeLa kobalti ili HIF-1 iwe nyingi ya kutosha kusafisha. Iliachwa kama dawa kwa sababu inaharibu tezi ya shingo na moyo. Kwa hiyo vumbi la mgodi si dawa ya damu, waambie wanafunzi wanawe mikono kabla ya kula.

Nimesikia makala za huyo Semenza zimefutwa. Mbona hukusema? — Mfuatiliaji

Nafasi, mistari ilikuwa mitatu. Mwaka 2022 jarida la PNAS liliondoa makala zake nne kwa sababu ya matatizo kwenye picha za majaribio, hizo zilihusu saratani na zilitoka miaka mingi baada ya 1995. HIF-1 yenyewe imerudiwa na maabara nyingine zisizo na undugu naye, tena sana, na vidonge niliyovitaja juu visingefanya kazi kama ingekuwa hadithi.

Shikamoo. Mimi ni mpagazi Kilimanjaro, niko Moshi. Wageni wananiambia watapanda siku tano wakishuka wana damu nyingi. Kweli? — Kijana wa mlimani

Marahaba mwanangu. EPO inapanda ndani ya masaa machache tu, lakini chembe nyekundu za kutosha kuhesabika zinachukua wiki. Siku za mwanzo damu inaonekana nzito kwa sababu maji yamepungua, siyo kwamba chembe zimeongezeka. Pale Uhuru, mita 5,895, kila pumzi ina kama nusu ya oksijeni ya Dar, na kinachomfikisha mgeni ni kupumua kwa nguvu na wewe unayemwambia pole pole. Wewe uliyepanda na kushuka msimu mzima ukiwa na mzigo kichwani ndiye mwenye hiyo damu. Siku ukishuka Dar pitia maabara nikupime, bure, nina hamu ya kuiona hiyo namba.