Maswali ya Filamu: Nani Kasema Sinema Imekufa?

SWALI: Shikamooni wahariri. Mjomba wangu, mwenda Empire na Avalon wa zamani, anasema sinema imekwisha: kumbi zile zimefungwa, CD za Kariakoo hazina mnunuzi, na kila kinachotoka siku hizi ni takataka. Ana haki?
— Msomaji, Magomeni

JIBU: Marahaba. Kuzililia kumbi ana haki kabisa. Empire, Avalon, Odeon na Drive-In ya Msasani zilikuwa mahali pa watu wa mjini kukaa gizani pamoja, na kumbi za leo ndani ya maduka makubwa hazijaziba pengo hilo kwa mtu wa Mbagala anayepiga hesabu ya nauli na tiketi. CD nazo ziliumizwa kwanza na wizi wa nakala, kisha simu zikazimaliza. Lakini hizo zote ni njia za kuuzia filamu. Filamu zenyewe ni habari nyingine.

Kilio hiki kina umri. Mwaka 1996 mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, aliandika katika New York Times kwamba sinema inaoza. Mwaka uliofuata Abbas Kiarostami wa Iran akagawana tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na Shohei Imamura wa Japani. Mwaka 2000, Edward Yang wa Taiwan akashinda tuzo ya mwongozaji bora hapohapo kwa Yi Yi, filamu ya karibu saa tatu kuhusu familia moja tu. Leo wahakiki wengi wanaitaja miongoni mwa kazi bora za zama zetu.

Kosa la mjomba ni kulinganisha unga uliokwisha kuchekechwa na nafaka iliyoshushwa sokoni jana. Enzi zake pia zilitoka filamu mbovu kwa mamia. Zimesahaulika, zikabaki zile chache anazozipenda. Za mwaka huu bado ziko na pumba zake.

Tena vifaa vimeshuka bei kiasi ambacho kizazi chake hakikukiota. Sean Baker wa Marekani alipiga filamu nzima, Tangerine, kwa simu za iPhone 5s, ikatoka 2015. Mwaka 2024 akachukua tuzo kuu ya Cannes kwa Anora, filamu ya gharama ya takriban dola milioni 6, ndogo mno kwa hesabu za Hollywood, na 2025 ikatwaa Oscar ya filamu bora. Mwaka huohuo Oscar ya katuni ilikwenda kwa Gints Zilbalodis wa Latvia, kwa Flow, kazi isiyo na neno hata moja la mazungumzo, iliyotengenezwa kwa Blender, programu ya bure. Kwetu, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021. Jirani yetu Rungano Nyoni wa Zambia aligawana tuzo ya uongozaji katika kitengo cha pili cha Cannes mwaka 2024 kwa On Becoming a Guinea Fowl. Mpe mjomba orodha hiyo, kisha mkae muangalie pamoja.

SWALI: Filamu yetu fupi ilipendeza kwenye kompyuta. Tulipopewa ukumbi, picha ikawa giza na maneno hayasikiki. Tulikosea wapi?
— Kikundi cha vijana, Tabata

JIBU: Huenda hamkukosea kwenye kupiga picha. Mlimalizia kazi kwa kipimo cha kompyuta. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wa kandela 250 au zaidi kwa mita ya mraba, wakati skrini ya ukumbi husanifiwa kwa kandela 48. Kwa hiyo sura zenye vivuli humezwa. Mnaporekebisha rangi, funga mapazia, zima taa, punguza mwanga wa kioo, na hakikisheni nyuso zinaonekana hapo.

Sauti: mkichanganya kwa spika mbili za masikioni, maneno hutoka kushoto na kulia, na aliyekaa pembeni hupata upande mmoja tu. Ukumbi una spika ya katikati nyuma ya skrini. Yawekeni mazungumzo humo, muziki kushoto na kulia. Muziki upunguzeni kuliko mnavyodhani, kwa sababu mwangwi wa ukumbi hula konsonanti kwanza.

Mwendo wa picha wekeni fremu 24 kwa sekunde tangu siku ya kwanza, na mwendo usiobadilika. Simu nyingi huubadilisha zenyewe, kisha midomo na sauti huachana. Mkipiga kwa 25 na kupunguza hadi 24, filamu ya dakika 90 huwa ya dakika 93 na sekunde 45, na sauti huwa nzito. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, na 1/50 hubeba mipepeso miwili kamili, hivyo picha haichezi.

Kisha tengenezeni faili la DCP, lile linalosomwa na mashine za ukumbini, kwa programu ya bure ya DCP-o-matic. Umbo la kawaida ni pikseli 1998 kwa 1080. Picha yenye upana wa pikseli 1920 itaacha mistari myeusi ya pikseli 39 kila upande, na hilo si kosa la kuogopa. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, filamu ya dakika 90 yenye sauti ya njia sita hufika karibu gigabaiti 72, hivyo fleshi ya 64 haitoshi. Tumieni hadiski iliyofomatiwa kwa ext2 au ext3 (fomati za Linux), maana mashine nyingi za ukumbini hazisomi fomati ya Mac. Na ombeni dakika kumi za kujaribu kabla ya watu kuingia. Hapo ndipo makosa mengi hukamatwa.

SWALI: Filamu hizo nzuri nizione wapi, na bando langu ni dogo?
— Msomaji, Mbezi

JIBU: Tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, hufanyika kila mwaka. Dar, fuatilia ratiba za Nafasi Art Space, Goethe-Institut na Alliance Française. Kwa simu, chagua ubora wa kawaida: Netflix hula hadi gigabaiti 1 kwa saa, dhidi ya 3 kwa ubora wa juu. Pakua usiku kwa bando la usiku, uangalie kesho bila kukatika.