Sumaku Kwanza: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Grili

Nusu ya maswali ya mwezi huu kuhusu grili, ule uso wenye mbavu mbele ya gari, ni swali moja: "Nitumie nini kung'arisha grili ya gari langu la zamani?" Gari gani, mwulizaji hasemi. Grili ya madini gani, hasemi. Ni sawa na kumpigia daktari simu, useme "naumwa, nimeze nini?" halafu ukate. Basi nyote mlioandika hivyo, jibu lenu ni hili: tafuta sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Ikinata, chini kuna chuma, au aina fulani ya stenlesi. Isiponata na kipande ni chepesi, mara nyingi hiyo ni alumini. Isiponata na ni kizito mkononi kama kitasa cha mlango wa zamani, mara nyingi hiyo ni zinki ya kumiminwa, na hapo ndipo wengi wenu mmelilia. Sasa tuwasikilize walioandika wakajieleza.

Grili ya Mercedes yangu ya 1979 ina vidoa vya kutu kama pilipili manga. Sumaku inanata. Fundi wangu Kariobangi anataka kuipitisha kwenye mashine ya polishi. Nimruhusu? (Buruburu)

Usimruhusu. Kromu unayoiona haifiki hata mikroni 1 kwa unene. Unywele wako ni kama mikroni 70. Chini ya kromu kuna nikeli, ambayo ndiyo hasa inayobeba ule mng'ao, mara nyingi kuna shaba chini ya nikeli, ndipo ukute chuma chenyewe. Kutu haikuanguka kutoka juu. Imetoka kwenye chuma, ikapenya kwenye vitundu vya kromu kama chunusi. Mashine haijui kutu ni ipi na kromu ni ipi, inakula vyote. Siku utakapoona pembe zimeingia umanjano wa mbali, ujue kromu imekwenda na unatazama nikeli.

Ivue kwanza. Skrubu zilizoshika kutu zidondoshee mafuta ya kulegeza jioni, uziguse asubuhi; anayelazimisha usiku huohuo hukata kichwa cha skrubu, kisha huja kuniuliza habari za drili. Osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mzee, hasa nyuma, ambako wadudu wa barabara ya Mombasa wamekauka tangu mwaka juzi. Halafu chukua karatasi ya foili, ile ya kufungia kuku, ikunje, ichovye majini, usugue polepole kwa vidole viwili tu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi. Utaona uji mweusi unatoka. Pangusa, tazama, rudia. Kausha kabisa, paka nta. Vitundu vitabaki, na ukisimama hatua mbili mbali hutaviona. Usije na stili-wuli ya kusugulia sufuria, na fundi akitoa msasa mfukoni, ondoka na grili yako.

Nilipaka dawa ya choo. Iling'aa dakika mbili, sasa ni ya kijivu na ina mashimo. Nifanye nini? (Kasarani)

Pole. Dawa nyingi za choo zina asidi ya hidrokloriki, na zinki huyeyuka ndani yake. Hakuna cha kusugua hapo, ni kazi ya kujaziwa mashimo na kuchovywa kromu upya. Nami si malaika. Zamani niliwahi kuloweka nembo ya zinki kwenye siki, nikaenda kunywa chai. Niliporudi bakuli lilikuwa linatoa viputo kama soda iliyofunguliwa, na herufi zimelainika pembe kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Hiyo ilikuwa siki ya kachumbari tu! Na nawaomba, asiyepata matokeo na dawa ya choo asiifuatishe Jik. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na hiyo haitakuacha uione grili ukiwa na mapafu yako.

Nitapata wapi grili ya mbele ya Beetle ya 1967? Nimezunguka Kirinyaga Road yote. (Ngara)

Popote utakapopata redieta yake. Injini iko nyuma, na hupozwa kwa hewa.

Land Rover yetu ni ya zile zenye grili ya waya. Vijana wanasema ikivuliwa ni wavu safi wa nyama choma. Ni kweli? (Karen)

Hadithi hiyo ni ya zamani kuliko vijana wenu. Wavu ule umepakwa zinki. Ukiupasha moto mkali, zinki hutoa moshi unaoleta homa na baridi ya mwili, na limau na chumvi za nyama nazo huila zinki hiyo, ukaimeza. Rack ya kuchomea nyama hata Gikomba ipo. Wavu uoshe kwa sabuni, uurudishe mahali pake. Na msiuguse na brashi ya waya: ule ukijivu uliopoa ndio kinga yenyewe.

Nimeona video ya kutoa kutu kwa chaja ya betri na magadi. Grili yangu ni ya lori, chuma kitupu, rangi imebanduka. Kwenye nguzo ya pili nitumie vijiko vya stenlesi? (Rongai)

Swali zuri, na video imekudanganya mahali pamoja. Magadi yanafaa, na kwa chuma kitupu njia hii ni nzuri sana. Waya hasi uende kwenye grili, waya chanya kwenye kipande cha nondo. Stenlesi hapana kabisa, maana ina kromu ndani yake, na umeme ukiitoa huifanya ile aina inayosababisha saratani. Utabaki na ndoo ya maji ya manjano usiyojua pa kuyamwaga. Fanya kazi nje, maana inatoka hidrojeni, na anayewasha sigara akae kwa jirani. Grili ya kromu au ya alumini usiiweke humo.

Grili ya Peugeot 504 yangu iliibiwa South B. Nimeuziwa nyingine, ina mkwaruzo uleule. (South B)

Umeinunua yako. Kwaruza namba ya gari upande wa nyuma, leo.

Kuchovya kromu upya ni ghali. Spirei ya silva si itatosha? (Umoja)

Itatosha mpaka mvua ya Aprili. Silva ya kopo ni rangi ya kijivu yenye kiburi. Haijawahi kuwa kromu. Ukikosa pesa, acha grili yako na makovu yake, upake nta, uweke akiba. Ukizipata, piga picha kila kipande kabla ya kukipeleka, vihesabu mbele ya fundi, na umuulize kromu ya zamani ataitoaje. Akisema "kwa grainda," mshukuru uende zako. Karakana moja ilinirudishia grili inayong'aa kama kioo, ila mbavu zake zilikuwa zimekonda hadi zinacheza ukipuliza.

Babu aliniachia Peugeot 404. Grili ina kibonyeo anachosema alikipata akifuata Safari Rally. Nataka kuipeleka Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse. Ninyooshe? (Kikuyu)

404 ilishinda Safari mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, kwa hiyo hadithi ya babu haina sababu ya kuwa uongo. Majaji watakukata alama, sitakuficha. Lakini grili iliyonyooshwa ipo kila mahali, na kibonyeo cha babu kiko kimoja. Mimi ningeiosha, nikaikausha, nikapaka nta, nikakiacha. Kama ni lazima ukinyooshe, niandikie tena kabla hujashika nyundo, na safari hii useme: sumaku ilinata?