Mayai yanatoweka kila mara, nifanye nini?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nina dume na jike wa samaki wadogo wa mapambo, Apistogramma cacatuoides, kwenye tangi la kioo la lita 60. Jike ametaga mara tatu ndani ya kifuu cha nazi, na kila mara, ikifika siku ya pili au ya tatu, nikimulika tochi sioni kitu. Tangini wamo pia kambare wadogo wanne, wale wa kusafisha chini. Nafikiri safari ijayo niyatoe mayai nikayaangulie kwenye chombo kingine. Unasemaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kifuu hicho usikiguse. Watoe kambare.

Najua kila mtu husifu usafi wao, lakini kwenye tangi la kuzalishia hawafai. Mchana mama anawamudu vizuri tu. Taa ikizimwa yeye haoni, ila kambare hahitaji kuona: ananusa na kupapasa kwa ndevu zake mpaka anafika kwenye mayai. Asubuhi unakuta kifuu kitupu, na lawama zote anabebeshwa mama.

Na hiyo tochi iache. Samaki wadogo wa jamii ya sikilidi, kama hawa wako, hutaga pangoni kwa sababu wanataka giza na faragha. Mwanga wa ghafla usiku humtia mama hofu, naye akiona pango si salama anaweza kuyala mayai mwenyewe, hasa kama ndio kwanza anaanza uzazi. Geuza mlango wa kifuu utazame pembeni, na uwe mdogo kiasi kwamba yeye anapita na dume hapiti. Jike huwa na urefu wa sentimita 5 hivi na dume anafika 8, kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Ukimwona akitema yai moja moja lililogeuka jeupe, au akilila, usihuzunike. Yai hilo limekufa, na ukungu wake ungeambukiza yaliyo hai.

Sasa kuna jambo moja katika barua yako limenigusa. Umesema siku ya tatu. Maji yakiwa nyuzi 26 au 27, siku ya tatu ndiyo siku ya kuangua! Vifaranga wakitoka hawawezi kuogelea, wanalala tu wakitikisa mikia, na mama huwabeba kwa mdomo kuwahamishia kwenye kishimo alichochimba mchangani. Mimi niliwahi kulilia uzao mzima. Nilikuwa nimeshakunja mikono ya shati nianze kubomoa tangi, nikaona chini ya jani kavu, kwenye kona, mchanga kama unachemka. Nikasogeza uso kwenye kioo. Hapakuwa na mchanga unaochemka, bali mikia midogo, mingi, myembamba kuliko uzi, yote ikitetemeka pamoja, na mama amesimama juu yake akiwa manjano kama kiini cha yai, mapezi ya tumboni meusi tii. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Kwa hiyo kabla hujamhukumu, mtazame rangi. Jike mwenye mayai au watoto huwa manjano kali yenye madoa meusi, na humfukuza kila anayekaribia, hata mumewe. Akiendelea kuwa hivyo baada ya mayai kutoweka, watoto wapo mahali. Dume naye mpe vichaka na mti wa kujificha upande wa pili. Ukiona mapezi yake yameanza kuchanika, mtoe. Mama anaweza kulea peke yake.

Kama siku tano baada ya kuangua, vifaranga huinuka. Hapo ndipo raha ilipo, na hapo ndipo nisingependa ukose kwa kuwalea kwenye bakuli. Mama hutangulia na kundi linamfuata kama kivuli. Akihisi hatari hutikisa mwili mara moja, na wote wanajibwaga mchangani wasionekane. Bakuli haliwezi kuwafundisha hilo.

Chakula chao kiwe tayari kabla hawajainuka. Mimi hutumia artemia, vijidudu wa jamii ya kamba: mayai yake yakiwekwa kwenye maji ya chumvi yenye joto na hewa ya pampu huanguliwa ndani ya siku moja hadi moja na nusu. Wasuuze chumvi, kisha wadondoshe kwa bomba la sindano karibu na kundi, kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Matumbo ya vifaranga yakigeuka rangi ya chungwa, ujue wamekula. Mdomo wa chujio ufunike kwa sponji, la sivyo utawanyonya. Maji badilisha machache kila baada ya siku mbili, yasiyo na klorini, na joto liwe sawa na la tangini.

SWALI: Mwalimu, nilifanikiwa kuzalisha aina hiyohiyo, lakini vifaranga wamekua na karibu wote ni madume. Hita yangu iko nyuzi 30. Kuna uhusiano?

JIBU: Upo. Mwaka 1996 Uwe Römer na Wolfgang Beisenherz walichapisha utafiti wa aina nyingi za Apistogramma, ukaonyesha kwamba kwa wengi wao joto la maji katika wiki za kwanza za uhai huchangia kuamua jinsia. Joto likipanda, madume huongezeka, likishuka, majike. Uzao ujao walee kwenye nyuzi 26 hivi tangu siku ya kutaga. Hawa ulio nao hawatabadilika tena, kwa hiyo watafutie nafasi mapema, kabla hawajaanza kuraruana mapezi.