Aksoloto wawili, hita na kokoto za rangi

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mwanangu kanunuliwa aksoloto wawili, wale salamanda wa majini, urefu wao kama kidole changu cha kati. Muuzaji katupa tangi la lita 40, kokoto za rangi, taa, hita na samaki wawili wa dhahabu ili wasikae wapweke. Tuliwatia majini siku hiyohiyo. Sasa matamvua yao, yale manyoya ya kupumulia kando ya kichwa, yamekunjamana kuelekea mbele na hawataki kula. Tufanyeje?
Mama Z., Columbus, Ohio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chomoa hita sasa hivi, mengine utayasoma baadaye.

Kwao aksoloto ni Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Kwa kipimo cha huko kwenu, 61 hadi 64 za Farenhaiti. Yakipita 20 anaanza kutaabika, yakifika 24 ni hatari. Feni ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3. Julai ya Ohio huenda ikakudai mashine ya kupoza maji, nayo ni ghali. Mwambie baba mtoto mapema.

Leo hii wahamishie kwenye mabeseni ya plastiki, kila mmoja na lake, kwa sababu wakiwa wadogo hung'atana miguu. Badilisha maji yote kila siku, yawe na ubaridi uleule na yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Hao samaki watafutie makao mengine, hudonoa matamvua.

Tangi la wawili liwe la lita 150, refu na pana kuliko kwenda juu, maana hawa hutembea chini. Weka filta ya sifongo, isiyovuruga maji. Mkondo mkali nao hukunja matamvua. Kisha ngoja, aksoloto wakiwa bado kwenye mabeseni. Kinyesi chao hutoa amonia, nayo huwaunguza. Bakteria wanaoota ndani ya filta huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, unayoipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 8 kuenea, na nakuomba usiwaharakishe. Bakteria hao walishe kwa kutia tangini amonia ya chupa isiyo na sabuni. Siku utakayotia amonia hadi kipimo cha maji kisome 2 ppm (sehemu 2 kwa milioni), na kesho yake amonia na nitriti zote zikasoma 0, tangi limeiva. Nitrati isizidi 20 ppm.

Kokoto toa zote. Mtazame akila: hufumbua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa kishindo pamoja na mnyoo na chochote kilicho kando yake. Kokoto ikiingia huziba utumbo. Kioo kitupu kinatosha kwa sasa. Wakishakua, mchanga laini sana. Zima taa, hawana kope za kufumba. Wape kipande cha bomba pana wajifiche.

Chakula ni minyoo ya ardhini iliyokatwakatwa, kutoka bustani isiyopigwa dawa. Wakikaribia sentimita 20, wakaguliwe jinsia. Wakiwa dume na jike watenganishe, kwani jike hutaga mayai mamia kwa mara moja na uzazi wa mapema humdhoofisha.

Vipimo vya wiki ya kwanza nitumie nikuangalizie.