Mapezi ya Cadillac yalisaidia gari kutulia?

SWALI: Mimi ni fundi bodi. Mteja wangu amekuja na picha ya Cadillac ya mwaka 1959, anataka nimchongee mapezi kama yale, yaani bati zilizosimama juu ya madigadi ya nyuma, nyuma ya gari lake dogo. Anasema Wamarekani waliyaweka ili gari litulie likiwa mbio. Ni kweli? Na kama yalikuwa na faida, mbona magari ya leo hayana?

JIBU: Ndugu fundi, mteja wako hajayaokota maneno hayo njiani. Kampuni ya Chrysler iliyatangaza waziwazi katika miaka ya 1950. Mkuu wake wa usanifu, Virgil Exner, alisema magari yao yamepimwa kwenye handaki la upepo (chumba cha kupulizia gari hewa ili kupima nguvu zake) na kwamba mapezi yanapunguza kazi ya dereva kurekebisha usukani upepo unapovuma kwa ubavuni.

Kifizikia, hoja hiyo ina msingi. Upepo wa ubavuni husukuma gari lote, lakini nguvu yake ni kama inakusanyika kwenye nukta moja, ambayo kwa magari mengi huwa mbele ya kitovu cha uzito. Ndiyo maana pua ya gari huchepuka kuufuata upepo. Ukiongeza eneo la bati lililosimama kule nyuma, nukta ile inarudi nyuma na gari linachepuka kidogo zaidi, kama manyoya yanavyonyoosha mshale. Tatizo ni kiasi. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa mwendo wa kawaida wa barabarani, pezi linachangia kidogo mno kwenye gari zito kama Cadillac ya 1959, lenye urefu wa zaidi ya meta 5.7 na uzito wa tani mbili na ushee. Pale utulivu unatoka kwenye matairi, springi, shokomzoba na upana wa ekseli.

Tena hoja ya upepo ilikuja baadaye, mapezi yakiwa yameshaota. Yalianzia kwenye Cadillac ya 1948. Harley Earl, mkuu wa usanifu wa General Motors, kampuni inayotengeneza Cadillac, alikuwa amewapeleka wasanifu wake kuiona ndege ya kivita ya Lockheed P-38 katika miaka ya Vita Kuu ya Pili. Ndege ile ina viwiliwili viwili, kila kimoja na mkia wake uliosimama. Frank Hershey na wenzake wakauhamishia mkia huo kwenye madigadi ya nyuma ya Cadillac, ukiwa kijinundu tu kilichobeba taa. Kazi yake ilikuwa mtu akiliona gari kwa nyuma, hata kwa mbali, ajue hiyo ni Cadillac.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Tangu 1927, Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, alipomkabidhi Earl idara ya sanaa na rangi, kampuni ilikuwa imeshagundua kwamba injini nzuri peke yake haimfanyi mtu auze gari ambalo bado ni zima. Sura mpya inamfanya. Kwa hiyo sura ikabadilishwa kila mwaka. Kiufundi hilo liliwezekana kwa sababu magari mengi yale yalikuwa na bodi iliyofungwa kwa bolti juu ya chesi: chesi na mitambo vinabaki, paneli za nje zinapewa kalibu mpya. Gamba kubwa la bodi lilikaa miaka kadhaa, na katikati wakabadilisha grili, taa, kromu na rangi.

Tazama Chevrolet za General Motors za 1955, 1956 na 1957 zikiwa zimesimama pamoja. Ni gamba moja. Ya 1955 ina grili ndogo ya vyumba vyumba, ya 1956 ina grili iliyotambaa upana wote wa mbele, na ya 1957 imeota mapezi. Mdomo wa tangi la ile ya 1957 huuoni mpaka uonyeshwe: umefichwa nyuma ya utepe wa kromu kwenye ncha ya pezi la kushoto. Mimi kazi ya namna ile naiheshimu kwa dhati. Aliyeichora na aliyetengeneza kalibu yake walijua bati.

Kisha yakawa mashindano. Mwaka 1956 msanifu kijana wa General Motors, Chuck Jordan, aliona kwa nje ya uzio wa Chrysler magari ya toleo la 1957: ya chini, membamba, mapezi yamepaa. Mojawapo, Plymouth, ilitangazwa kwa maneno kwamba ghafla ni 1960. General Motors wakatupa michoro waliyokuwa nayo na kuanza upya, na matokeo yake ni hiyo Cadillac ya kwenye picha, na taa zake mbili kama risasi katika kila pezi. Chini ya sura hizo tofauti, Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile na Buick za 1959 zilishirikiana hata milango ya mbele, ili kupunguza gharama za kalibu.

Yalikufa kama mtindo wa nguo unavyokufa. Mwaka 1958 uchumi wa Marekani uliyumba na wanunuzi wengi wakageukia magari madogo. Cadillac ikayapunguza mwaka hadi mwaka, na kufikia toleo la 1965 yalikuwa yamekwisha.

Kwa hiyo mwambie mteja: ni urembo, na kama anautaka, mtengenezee vizuri. Usizibe wala kuhamisha taa za nyuma, na ncha usiiache kali. Pezi ni bati mbili zenye uwazi katikati, na hapo ndipo maji na tope hukaa. Chrysler za 1957 zinasifika kwa kutu. Paka praima ya zinki ndani kabla ya kufunga, usichomelee mstari mzima kwa mkupuo bati lisije likapinda, na acha vitundu viwili vya kutolea maji sehemu ya chini kabisa.