Umri wa Cheti na Umri wa Mwili: Maswali Yenu

Kijana wangu, miaka 13, ameachwa timu ya shule kwa sababu ya umbo dogo. Nimbadilishie mchezo?

Usimbadilishie chochote. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa karibu na miaka 14, wasichana kama 12, lakini wapo wanaotangulia na wanaochelewa. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana miaka miwili au mitatu kimwili. Kocha huyo amechagua waliobalehe, si wanaojua mpira. Anataka kombe la UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, na mwenye kifua atampa. Wenzake wakishamfikia kwa urefu, yule wa kifua atabaki na nini?

Mwanao aendelee na chenga na kutumia miguu yote miwili. Mpime urefu kila miezi mitatu, penseli na ukuta vinatosha. Ukiona anarefuka ghafla, mpunguzie kuruka na mbio kali: mifupa hutangulia, misuli hufuata, na hata mwenye kipaji huanza kujikwaa.

Na ninyi mnaochezesha vijeba kwa vyeti vya kufoji, FIFA inapiga picha za MRI za kifundo cha mkono, kukagua umri wa mifupa, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 tangu 2009. Mfupa hauna karani wa kumhonga.

Mtoto wetu anaumwa chini kidogo ya goti, panapochomoza mfupa. Tunamchua kila jioni.

Na asubuhi mnamkimbiza! Hapo ndipo misuli ya paja inapovuta mfupa ambao haujakomaa. Acheni kumchua kwa nguvu, mpunguzieni mbio, wekeni barafu. Akichechemea au akiumwa usiku, hospitali.

Vyuma vinadumaza watoto?

Nimeshajibu mara ngapi? Hapana, vikiwa vyepesi na yupo msimamizi anayejua mkao sahihi. Kinachoumiza ni kushindana nani kanyanyua kizito.

Binti yangu wa miaka 16 anakimbia mita 3,000. Hedhi imekoma miezi minne. Kocha anasema ni dalili ya kuwa fiti.

Kocha huyo asikabidhiwe watoto. Mpeleke kwa daktari wiki hii, na kipimo cha mimba kifanyike bila kumfokea. Mara nyingi chanzo ni chakula kisicholingana na mazoezi: mwili unabana matumizi, hedhi inakatika, mifupa inadhoofika katika miaka ileile ya kujijenga. Apunguziwe mazoezi, aongezewe sahani. Atakayemwambia apungue uzito, mfukuze uwanjani.

Miaka 15, marathoni inawezekana?

Hapana. Kwenye Olimpiki na mashindano ya dunia, kanuni za riadha zinawazuia hata wa kundi la chini ya miaka 20. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Hamburg, 2013.

Unga wa protini kwa mtoto wa miaka 11?

Dagaa na maharage. Hela itakayobaki mnunulie viatu.